Kisu cha Mfukoni: Namna ya Kukichagua, Kukitumia na Kukitunza

Ndugu msomaji, tia mkono mfukoni mwako. Pengine kimo kisu kidogo cha kukunja. Kama hakimo mfukoni mwako, kimo katika kikapu cha mama, au kimechomekwa katika nyasi za paa la jikoni. Asubuhi ulikatia kamba ya kufunga mzigo juu ya baiskeli. Saa sita mama alimenyea muhogo. Mchana mtoto alikichukua kuchonga gari lake la miti. Jioni jirani alikiomba atoe funza katika kidole cha mguu. Kisu ni kimoja, kazi ni nne. Je, siku ile kilioshwa mara ngapi?

Hatutaki uogope kisu chako. Kisu ni chombo chema, na nyumba isiyo na kisu ni nyumba yenye taabu. Lakini tunataka ujue mambo matatu: namna ya kuchagua kisu kizuri, namna ya kukitumia bila kuumia, na namna ya kukitunza kidumu miaka mingi. Tena kuna jambo la nne, lililo kubwa kupita yote: kuna kazi ambazo kisu chako hakipaswi kufanya hata siku moja, kwa sababu zimeua watu.

KIDONDA KIDOGO SI KITU KIDOGO

Watu wengi wakijikata husema, "Ni mkwaruzo tu, utapona wenyewe." Sikia habari ya hapa kwetu. Mwaka 1869 Dr. David Livingstone, Mwingereza aliyetembea sana katika Afrika, alifika Bambarre, ndiyo Kabambare yetu. Mwaka 1870, baada ya safari ya matope na mvua, miguu yake ilishikwa na vidonda. Vidonda vile havikutoka kwa kisu, bali vilikula nyama kama vile kidonda chochote kilichoingiwa na uchafu. Alikaa nyumbani wiki nyingi asiweze kutembea. Alipaka jiwe la kijani la shaba, liitwalo malakaiti, lililosagwa kwa maji. Aliondoka Bambarre Februari 1871 tu.

Mtu huyu alikuwa munganga mwenyewe. Alijua dawa za wakati wake. Hata hivyo ngozi iliyofunguka ilimfunga miezi. Basi usidharau ngozi yako. Ngozi ni ukuta wa nyumba. Ukuta ukipasuka, hata mahali padogo, wezi wanaingia. Wezi hao ni vidudu vidogo sana ambavyo macho hayavioni.

NAMNA YA KUKICHAGUA

Ukifika sokoni, muuzaji atakuonyesha visu vingi vinavyong'aa. Usinunue kwa macho tu. Nunua kwa mikono.

Kwanza, kifungue na kukifunga mara kumi. Kisu kizuri hufunguka kwa nguvu kidogo, nacho hufunga kwa nguvu kidogo. Kama kinaanguka wazi chenyewe, kitafunguka ndani ya mfuko wako na kukuchoma paja.

Pili, kikiwa wazi, shika mpini kwa mkono mmoja na ncha ya bapa kwa vidole vya mkono wa pili, upande usio na makali. Tikisa kushoto na kuume. Kama bapa linacheza sana, msumari wa kukunjia umelegea. Kiache.

Tatu, tazama kama kina kitu cha kuzuia bapa lisijifunge. Visu vingine havina kizuizi. Ukisukuma ncha, bapa linarudi juu ya vidole vyako. Visu vingine vinacho. Kisu cha Opinel, kilichoanza kutengenezwa na Joseph Opinel huko Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, kilipata pete ya kuzunguka mwaka 1955: ukiizungusha, bapa halifungi. Kisu cha Okapi kinajulikana sehemu nyingi za Afrika. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa kuuzwa katika makoloni ya Afrika, na tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Chenyewe kina meno yanayolia unapokifungua, na pete ya mgongoni. Lazima uvute pete ndipo bapa likubali kurudi. Jina lake ni la mnyama wa misitu ya Kongo yetu, ambaye haishi porini katika nchi nyingine yoyote.

Nne, uliza chuma. Kuna chuma cha kawaida kigumu, ambacho hunoleka upesi na kushika makali vizuri, lakini hushika kutu. Na kuna chuma kilichochanganywa na kromu, ambacho hakishiki kutu kwa urahisi, lakini mara nyingi ni kazi zaidi kukinoa juu ya jiwe la kawaida. Kwa mtu wa shamba anayekinoa kila juma na kukipaka mafuta, cha kwanza kinafaa sana. Kwa mtu anayekaa karibu na maji, au mvuvi wa Luama, au mama anayekata ndimu na nyanya kila siku, cha pili kinafaa zaidi.

Tano, shika mpini kama unavyofanya kazi. Ujaze kiganja, usiteleze. Mkono wenye jasho au mafuta ya mawese huteleza upesi. Na urefu? Bapa la sentimeta 7 au 8 linatosha kazi zote za mfukoni. Kisu kirefu kupita hapo ni cha jikoni au cha shamba, si cha mfuko.

NAMNA YA KUKITUMIA

Shika sheria hizi, nawe utahifadhi vidole vyako kumi.

1. Kata kuelekea mbali na mwili wako. Usikate kuelekea kiganja, paja au tumbo. Kama unachonga mti ukiwa umeketi, usichonge kati ya mapaja, maana ndani ya paja umo mshipa mkubwa wa damu. Elekeza mikono yako mbele ya magoti.

2. Weka kitu juu ya ubao. Mama, usikate muhogo wala nyama juu ya kiganja chako. Ubao haulii wala hautoki damu.

3. Usisukume kwa ncha kisu kisicho na kizuizi. Hicho ni cha kukata, si cha kutoboa.

4. Usikitumie kufungua kopo, kukaza skrubu au kubandua msumari. Ncha itavunjika, na kipande chake kinaweza kuruka katika jicho.

5. Ukimpa mtu kisu, kifunge kwanza. Kama ni kisu cha jikoni, mpe mpini mbele.

6. Kisu kikianguka, kiache kianguke. Rudisha miguu nyuma. Usijaribu kukidaka.

7. Usitembee wala kukimbia na kisu kilicho wazi. Kazi ikikoma, kifunge, kitie mfukoni.

8. Mtoto asicheze nacho. Mtoto mkubwa anayejifunza, mfundishe ukiwa karibu naye, akiwa ameketi. Kisu kilichochomekwa chini penye mkeka kinamngoja mtoto anayetambaa.

9. Ukiwa umekunywa pombe au una hasira, kisu chako kikae mbali nawe. Mahali pa ugomvi si mahali pa kisu. Wengi waliofika hospitalini na tumbo lililochomwa hawakuchomwa na adui wa vita, bali na ndugu au rafiki. Asubuhi yake mwenye kisu alilia kuliko mwenye jeraha.

Na chakula? Kisu kilichokata nyama mbichi au samaki kisikate embe wala mkate mpaka kioshwe kwa maji na sabuni. Tena usichune wala kukata nyama ya mnyama wa porini uliyemkuta amekufa mwenyewe. Hujui alikufa kwa ugonjwa gani. Maniema inajua ugonjwa wa mpox, wenye homa na vipele, ambao unaweza kutoka kwa wanyama na kuingia kwa mtu kwa mikono yenye michubuko.

KAZI AMBAZO SI ZA KISU CHAKO

Hapa ndugu, soma polepole. Ukisahau mengine yote, usisahau haya.

Usikate kitovu cha mtoto kwa kisu cha nyumbani. Kisu chako kimegusa udongo, muhogo, kamba na kinyesi cha mbuzi. Ndani ya udongo mnakaa mbegu za ugonjwa uitwao pepopunda, au tetanosi. Kidudu chake kilikuzwa na munganga Kitasato mwaka 1889, lakini watoto walikuwa wakifa nacho tangu zamani, na watu wakasema ni uchawi. Mambo yake ni hivi: mtoto anazaliwa vizuri, siku mbili za kwanza ananyonya vizuri, na watu wanafurahi. Kisha, mara nyingi kati ya siku ya 3 na siku ya 14, anaacha kunyonya. Kinywa kinakaza. Mwili unakuwa mgumu kama ubao. Akiguswa, anashtuka na kujikunja nyuma. Huyo mtoto hakulogwa. Aliingiwa na uchafu wa chombo kilichomkata, au uchafu uliopakwa juu ya kitovu.

Mbegu hizi ni ngumu sana. Nyingine zinaweza kushinda hata maji yanayochemka. Kwa hiyo usiseme, "Nimekipitisha kisu motoni kidogo, kinatosha." Fanya hivi: mama azae katika kituo cha afya au hospitalini. Kama safari haiwezekani, uwe na wembe mpya ndani ya karatasi yake, usiofunguliwa mpaka wakati wa kukata. Anayekata aoshe mikono kwa sabuni. Wembe ule usitumiwe tena. Juu ya kitovu usiweke majivu, udongo, kinyesi wala mate. Nenda na mama na mtoto kituoni upesi iwezekanavyo.

Na ngao ya kwanza ni chanjo. Mama mwenye mimba aliyechanjwa humpa mtoto nguvu ya kushinda pepopunda mbele ya kuzaliwa. Sindano ya pili hufuata ya kwanza nyuma ya wiki 4 au zaidi. Ya tatu hufuata nyuma ya miezi 6, ya nne nyuma ya mwaka, ya tano nyuma ya mwaka mwingine. Mama, hifadhi karatasi yako ya chanjo kama unavyohifadhi fedha. Na mtoto naye huanza chanjo zake, zenye dawa ya pepopunda ndani, akiwa na wiki 6, kisha wiki 10, kisha wiki 14.

Usichanje chale wala kutahiri kwa kisu kimoja watu wengi. Damu ya wa kwanza inabaki juu ya chuma, hata kama macho hayaioni, nayo inaingia kwa wa pili. Katika damu mnaweza kuwamo sida na ugonjwa wa ini. Vijana wapelekwe kutahiriwa hospitalini, ambapo kila mmoja ana chombo chake safi. Wazee wetu, hatudharau desturi. Tunaomba chombo tu kibadilishwe.

Usikate mahali palipoumwa na nyoka. Ukikata, sumu haitoki. Unaongeza jeraha la pili, na damu inaweza kukataa kukoma, maana sumu ya nyoka wengine huzuia damu kuganda. Usinyonye sumu kwa kinywa, usifunge kamba ya kukaza. Mlaze mgonjwa, funga mguu au mkono juu ya mti ulionyooka kusudi usitikisike, mbebe kwa kitanda au baiskeli mpaka hospitali.

Usitoe funza kwa kisu cha mfukoni. Osha mguu kwa sabuni. Tumia sindano au pini mpya, ya mtu mmoja tu, kisha osha kidonda tena. Mahali pa funza ni mlango ambao pepopunda anaupenda sana.

Na usipasue jipu mwenyewe. Mwache muuguzi afanye kazi yake.

NAMNA YA KUKINOA

Watu wengine hudhani kisu butu hakina hatari. Sivyo. Kisu butu hulazimisha mkono kusukuma kwa nguvu, na kikiteleza kinakwenda mahali usipotaka. Kisu kikali hukata kwa nguvu ndogo na hukaa pale ulipokiweka.

Tafuta jiwe la kunolea, au jiwe laini la mto lenye uso ulio sawa. Tupa ya chuma ni ya panga na jembe. Juu ya kisu kidogo inakula chuma upesi mno. Wahunzi wa zamani, kama wale Wasongye waliosifiwa kwa mashoka yao, walijua jambo hili: chuma kikipotea hakirudi.

Lowesha jiwe kwa maji. Liweke juu ya kitambaa chenye maji lisitembee. Laza bapa juu ya jiwe, kisha inua mgongo wake kidogo. Kama bapa lina upana wa sentimeta 2, inua mgongo milimeta 6 au 7, yaani kama nusu ya unene wa kidole chako kidogo. Sukuma makali mbele kana kwamba unataka kuchana ukaratasi mwembamba juu ya jiwe. Anza karibu na mpini, maliza penye ncha. Fanya mara kumi upande mmoja, kisha mara kumi upande wa pili. Usibadilishe ule mwinamo. Shika vidole vyako mgongoni mwa bapa, si kwenye makali.

Nyuma ya mara chache utasikia kinyuzi kidogo cha chuma upande wa pili. Hicho ni dalili kwamba umefika kwenye makali. Kiondoe kwa kupitisha kisu polepole, mara moja upande huu, mara moja upande ule. Mwisho kipitishe juu ya mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia.

Usijaribu makali kwa kidole gumba wala kwa ulimi. Jaribu kwa kukata jani au karatasi. Likikatika bila kupasuka, basi inatosha.

Usikinoe kwa gurudumu linalozunguka kwa kasi bila maji. Chuma kikiwa moto mpaka kigeuke rangi ya buluu, kimepoteza ugumu wake, na makali hayatadumu tena.

NAMNA YA KUKITUNZA

Kila jioni fanya kazi hizi tatu: osha, kausha, paka.

Kioshe kwa maji na sabuni, na pale penye mkunjo tumia kijiti chenye kitambaa. Uchafu wa nyama na wa matunda hujificha ndani ya mpini, na humo vidudu huzaa. Kikaushe vizuri, ukiache wazi karibu na jiko, lakini si ndani ya moto. Kisha tia tone moja la mafuta penye msumari wa kukunjia, na upake bapa kwa kitambaa. Mafuta ya chakula yanafaa, lakini yakikaa sana hunata. Yafute na kuyabadilisha. Usitumie mafuta machafu ya gari juu ya kisu kinachokata chakula.

Kutu ikianza, isugue kwa majivu laini na maji, au kwa mchanga laini sana, kisha osha na upake. Doa la rangi ya kijivu juu ya chuma cha kawaida si kutu, wala halina ubaya. Lakini kutu nyekundu iondoe, maana mashimo yake hushika uchafu usiotoka. Hapo sikia jambo moja: watu husema kutu ndiyo inaleta pepopunda. Si kutu yenyewe, ni udongo na uchafu unaokaa ndani yake. Hata kisu kinachong'aa, kama kimegusa udongo, kinaweza kuleta ugonjwa.

Kisu ambacho bapa lake limelegea sana, au kizuizi chake hakishiki tena, mpelekee fundi. Kama hawezi, kiache. Usihurumie kisu kuliko kidole.

UKIJIKATA

Hata mtu mwangalifu hujikata siku moja. Basi ujue la kufanya.

Bonyeza mahali pale kwa kitambaa safi, kwa nguvu, dakika 10, bila kuinua kutazama. Inua mkono juu kuliko moyo. Damu ikikoma, osha kidonda kwa maji safi mengi na sabuni. Usione haya kuosha ndani. Funika kwa kitambaa safi, ubadilishe kila siku. Usiweke udongo, kinyesi, majivu, petroli wala unga wa betri.

Nenda hospitalini siku ile ile kama damu haikomi, kama kidonda ni kirefu au kinafunguka kama mdomo, kama kidole hakikunjiki au hakisikii, kama ni usoni, au kama kisu kiliingia ndani kwa ncha. Kama kisu kingali mwilini, usikitoe. Kifunge kisitikisike, umchukue mgonjwa nacho vile vile. Na kama hukumbuki chanjo yako ya mwisho ya pepopunda, mwambie muuguzi. Usingoje, maana ugonjwa ule huonekana kati ya siku 3 na siku 21. Mtu anadhani amepona, kumbe taya linaanza kukaza.

MASWALI KWA NYUMBA YAKO

Baba, mama, soma maswali haya jioni pamoja na watoto.

Kisu chetu kinalala wapi usiku, na je, mtoto anaweza kukifikia? Nani alikiosha leo? Jiwe letu la kunolea liko wapi? Karatasi ya chanjo ya mama iko wapi? Na kama mtoto atazaliwa usiku wa mvua, njia imefungwa, je, wembe mpya umekwisha kuwekwa tayari?

Kama huna jibu kwa swali la mwisho, usingoje mvua. Wembe mmoja ni bei ndogo sana. Ununue kesho sokoni, uufunge ndani ya kitambaa safi, umwonyeshe mama mahali ulipo. Na kisu chako cha mfukoni kibaki katika kazi yake: kamba, muhogo, mti na embe.